Amelala au Amelazwa

Mizinga ilifunguka yote. Watu wakatoka, Likandu akabaki.

Mfaume mwanzoni hakushtuka. Yeye ndiye mlazaji wa Kichanja, kazi yake kulaza watu na kuwaamsha, na mtu mzito wa kuamka hakosekani. Wengine walikuwa wanatoka wanapepesuka kama wametoka kilabuni, wanajikuna shingo pale waya unapokaa, wanatafuta kandambili kwa miguu. Barasa, jitu la kutoka Bungoma lenye sauti ya spika ya mnadani, akaupiga teke mzinga wa Likandu.

"Amka wewe! Mkeo kaolewa!"

Kimya.

"Kaolewa na mimi!"

Hata kope haikucheza. Likandu alikuwa anapumua vizuri tu, kifua kinapanda, kinashuka, uso umetulia kama wa mtu aliyekula akashiba. Kidole kimoja tu ndicho kilikuwa macho. Kilikuwa kinagonga ubavu wa mzinga. Ko-ko. Ko. Ko-ko. Ko.

Mfaume akashika kitasa cha waya avute. Kitasa kikagoma. Taa ya bluu ikawaka, na maneno juu yake: MAPUMZIKO YANAENDELEA.

"Mapumziko gani?" Mfaume akaiuliza taa. "Zamu imeisha!"

Akakivuta kitasa tena, kikagoma tena.

Kichanja ni mtambo wa gesi, umesimama kwenye maji marefu ya kusini, mbali mpaka ukipanda juu kabisa nchi kavu huioni. Mitambo ya namna hiyo ipo mingi. Kipya kwa Kichanja ni ile mizinga, imepangwa chini ya deki kama mizinga ya nyuki, mtu mmoja mzinga mmoja. Kampuni iligundua kwamba ubongo wa mtu aliyelala unasikia bomba kuliko kompyuta yoyote. We fikiria mama mwenye mtoto mchanga. Atalala jirani akipiga ngoma mpaka asubuhi, lakini mtoto akikohoa tu, huyo kashaketi. Ndiyo hiyo hiyo. Wanakuchomeka waya shingoni, unalala zako, sauti ya kisima inapita kichwani mwako. Presha ikibadilika ubongo unashtuka, mashine inausoma ule mshtuko, valvu zinajifunga. Wewe huna habari. Unaamka unasema, leo nimeota maji.

Na kampuni inakwambia, pole na safari, umepumzika.

Juu kwenye deki mambo ni mengine kabisa. Kule hakuna mtu anaachia valvu mpaka mwenzake amwambie "nimepokea." Uumwe tumbo, uitwe na mama yako mzazi, huachii. Likandu ndiye aliyewahi kushika valvu mpaka akajikojolea kwa sababu mpokezi wake kachelewa, na watu walipomcheka akasema, "Suruali inafuliwa. Kisima hakifuliwi." Tangu hapo wakamwita Suruali, na hakuwahi kukasirika.

Sasa huyo Suruali ndiye aliyekuwa mzingani haamki. Na ndiye mume wa Somoe, dada yake Mfaume. Mfaume mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi ya huku.

Nesi Hokororo akaja, akamfunua jicho, akamsikiliza kifua, akaangalia kile kidole.

"Mishipa hiyo," akasema. "Mfaume, huyu atolewe waya apelekwe nchi kavu. Hapa sina cha kumsaidia. Akiendelea kukaa hivi mwili utasahau njia ya kurudi."

"Mtoe basi."

"Kitasa sikishiki mimi. Anakishika Kasuku."

*

Kasuku ni kisanduku. Kimetundikwa kwenye bwalo la chakula, juu ya birika la chai. Serikali ya Shirikisho iliweka kimoja kila mtambo kwa sababu mahakama ziko mbali na watu wa baharini hawaishi kugombana. Sheria zote zimo ndani yake. Karatasi hakisomi, kinasikia maneno tu, na kabla ya kujibu kinarudia ulichosema, ndiyo maana ya hilo jina. Kikishaamua, kimeamua. Milango, vitasa, helikopta, vyote vinakisikiliza chenyewe.

Watu walikuwa wanakula ugali na maharage. Mfaume akasimama chini ya birika.

"Likandu haamki. Tunataka atolewe waya apelekwe Mtwara."

"Likandu haamki. Mnataka atolewe waya apelekwe Mtwara," kikasema Kasuku. "Kwa sheria ipi?"

"Mimi nitajuaje? Si wewe ndiye sheria?"

Bwalo likacheka. Kasuku hakina habari na kicheko.

"Kichanja kipo maji ya Shirikisho. Sheria ya kwanza ni ya Shirikisho. Shirikisho likisema, Jimbo linanyamaza. Shirikisho likinyamaza, hapo pana pengo, na pengo linazibwa na sheria ya Jimbo lililo karibu, yaani Jimbo la Kusini."

"Kama kiraka," akasema Nesi Hokororo.

"Kama kiraka. Kiraka hakishonwi pasipochanika."

Mfaume akakuna kichwa. "Haya. Jimbo linasemaje?"

"Jimbo linasema aliyeumia kazini apelekwe nchi kavu na mwajiri siku hiyo hiyo."

"Safi! Lete helikopta."

"Shirikisho linasema mfanyakazi aliyelala yupo mapumzikoni. Mapumziko ya mfanyakazi hayakatizwi na mtu yeyote mpaka aamke mwenyewe."

"Lakini haamki!"

"Basi bado anapumzika."

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na maharage. Barasa akainua mkono kama mwanafunzi.

"Kasuku, swali. Nikivua samaki hapa, samaki wa nani?"

"Samaki ni wa Jimbo."

"Na maji?"

"Maji ni ya Shirikisho."

"Kwa hiyo samaki wa Jimbo wanaogelea maji ya Shirikisho bila kibali! Kamata hao!"

Wakacheka mpaka wakagonga meza. Mfaume hakucheka. Alikuwa anajaribu kushika ile habari, inamponyoka kama sabuni bafuni. Mtu mmoja, mzinga mmoja, kapita mlango ule ule anaopita kila siku. Akiwa huku kwa Jimbo kaumia. Akiwa kule kwa Shirikisho anastarehe. Na huku na kule ni hapo hapo.

Meneja Tumwesige akaingia, kofia mkononi. Ni mtu wa huko juu, upande wa ziwani, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi.

"Ndugu zangu, msiidharau sheria hiyo ya mapumziko. Watu waliipigania. Baba yangu alifanya kazi migodini wakati mtu alikuwa anaamshwa hovyo, leo kwa hiki, kesho kwa kile. Alianguka kwa uchovu na hakuinuka. Sasa mnataka mimi, mtoto wake, niwe wa kwanza kumkatiza mtu usingizi?"

Bwalo likatulia. Mfaume naye akaona, kweli bwana, huyu ana neno. Hapo ndipo akachanganyikiwa zaidi, maana alishajiandaa kumchukia.

"Na jambo lingine," Meneja akaendelea. "Kisima cha tatu kimeanza kugonga. Presha yake haijatulia. Kila kisima kina mizinga miwili, mtu mmoja anatoka, mwingine anaingia. Leo hakuna aliyekubali kuingia mzinga wa pili wa kisima hicho, mnaogopa kulala karibu na asiyeamka. Mafundi wapo chini wanafunga kisima, kazi hiyo si ya haraka. Kwa hiyo kwa sasa aliyeshika kisima ni Likandu peke yake."

"Kashika nini?" Mfaume akauliza. "Si umesema kalala?"

Meneja akageukia mlango. Akavaa kofia yake.

*

Simu ya dada yake ikamkuta kwenye ngazi. Somoe akatokea kwenye kioo ana jasho, ushungi umekaa upande, nyuma yake watu wamepanga foleni.

"Mfaume! Amelazwa wodi gani?"

"Nani?"

"Nani? Mume wangu! Si umeniandikia, 'shemeji amelazwa, usijali'? Nimezunguka hospitali nzima! Nimefunua mashuka ya waume za watu! Kuna mzee kanishika mkono kaniambia keti mwanangu, ulichelewa wapi!"

Mfaume akataka kucheka, akaona ataitwa mwendawazimu. "Dada, hayupo hapo. Amelazwa huku. Mtamboni."

"Huko kuna hospitali?"

"Hamna."

"Sasa amelazwaje pasipo hospitali?"

"Huku tunasema hivyo. Mtu akiingia mzinga, amelazwa. Mimi ndiye mlazaji. Nilisahau kwamba huko kwenu..."

"Ngoja. Ngoja kwanza." Somoe akausogeza uso karibu mpaka kioo kikajaa macho. "Mtu analala mwenyewe, au analazwa na watu. Mume wangu alilala, au alilazwa?"

"Sheria inasema alilala."

"Sikuulizi sheria. Sheria ilikuwepo? Nakuuliza wewe uliyekuwepo."

Mfaume akaangalia mikono yake. Ile ndiyo iliyochomeka waya. Ile ndiyo iliyoshusha mfuniko. Likandu alijilaza, akamwambia "shem, kesho nikumbushe nimpigie dada yako," yeye akabonyeza.

"Alilazwa," akasema.

"Na nani?"

"Na mimi. Ndiyo kazi yangu, dada."

"Haya. Wewe kulaza, kazi. Yeye kulazwa, nini? Harusi?" Sauti ikamkatika. "Mdogo wangu, mimi hayo mambo yenu ya majini siyajui. Nirudishie mtu wangu."

Simu ikazima.

Barasa alikuwa amesimama ngazi ya juu yake. Alikuwa ameyasikia yote, na kwa mara ya kwanza tangu Mfaume amfahamu hakuwa na utani.

"Unataka kwenda kumwambia Kasuku hilo neno."

"Sijui nataka nini."

"Usiseme." Barasa akashuka, akaketi, ngazi ikalia. "Sikiza, kijana. Mimi tangu nizike mtoto wangu, nyumbani silali. Nalala chali naangalia mabati. Huku tu ndiyo napata usingizi, kwenye huo mzinga wako. Waya ukiingia, nazima. Ukisema kulazwa ni kazi, sheria ya Jimbo inaingia, na Jimbo lina saa zake za kazi. Watasema huyu kashafanya zamu ya deki, haruhusiwi zamu nyingine mzingani. Watatufungia. Mimi nitaenda kulala wapi?"

"Na shemeji yangu?"

"Shemeji yako anapumua. Labda ataamka."

"Na asipoamka?"

Barasa akatazama baharini. "Mimi si Kasuku," akasema.

Mfaume akakaa pale anapima. Akisema, Likandu anatoka, na wenzake wanapoteza usingizi pekee walio nao. Na Jimbo likishaingia litauliza nani kamlaza, na jibu analo kila mtu. Akinyamaza, hakuna aliyekosea. Likandu kalala tu. Hata yeye Mfaume hajamfanya kitu. Utakosaje kwa mtu aliyelala?

Aliichukia hiyo raha ilivyomjia haraka.

*

Akarudi bwaloni kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Watu wamemaliza kula, wamebaki na chai. Meneja kakaa peke yake mwisho wa meza. Barasa naye akaingia, akaketi, akakuta kikombe chake kitupu, akakigonga mezani bila hata kufikiri.

Ko-ko. Ko.

"Chai inakuja, usituvunjie meza," mpishi akajibu kutoka ndani, na mwiko akaupiga kwenye sufuria: Ko. Ko-ko.

Mfaume akageuka.

"Rudia," akamwambia Barasa.

"Nirudie nini?"

"Ulivyogonga."

Barasa akagonga. Ko-ko. Ko.

"Hiyo ni nini?"

"Naomba chai, ni nini tena."

"Kule deki! Kule deki ni nini?"

"Si ile ya spana kwenye bomba. Makelele yakizidi, mtu hasikii, unagonga. Ko-ko, ko, mpokezi wangu yuko wapi. Na yeye anajibu ko, ko-ko, nipo, naja. Mpaka chai tunaombea hiyo, we wa wapi..."

Kikombe akakiweka chini. Sura ikamshuka taratibu, kama mtu aliyeona gari lake linaondoka.

Wote wakageuka kuangalia mlango wa kuelekea mizingani.

Likandu hakuwa mgonjwa, hakuwa amelala. Kisima kimeanza kugonga yeye yumo, kakishika, zamu imeisha, na hakuna aliyemwambia nimepokea. Nani angemwambia? Mzingani hakuna anayemwambia mwenzake nimepokea. Ni mapumziko. Mapumziko hayapokelewi. Wengine huwa wanaachia tu, kwa kuwa kisima kimetulia na wao wamelala kweli. Lakini huyu ni Suruali. Aliachia lini?

Mfaume akaenda chini ya birika. Meneja akainuka nusu.

"Kasuku! Lile shauri la mwanzo nalibadilisha. Likandu hakulala. Alilazwa."

"Likandu hakulala. Alilazwa." Kikanyamaza. Kasuku hakina kawaida ya kunyamaza. "Nani alimlaza?"

Mfaume akamtazama Barasa. Barasa akainamisha macho kwenye kikombe.

"Mimi. Mfaume Ngaweje. Mlazaji wa Kichanja."

"Mfaume Ngaweje alimlaza. Shirikisho limesema, aliyelala. Shirikisho halikusema, aliyelazwa." Chai ikasikika inachemka. "Hapa pana pengo."

"Ziba," akasema Nesi Hokororo kwa sauti ndogo.

"Jimbo linauliza. Aliyelazwa ni mgonjwa au mfanyakazi?"

"Anaita mpokezi wake," Mfaume akasema. "Mgonjwa anaita mama."

"Anaita mpokezi wake. Ni kazi. Kitasa kimefunguka. Helikopta imeitwa. Mlazaji ataitwa nchi kavu kujibu. Mizinga isiyo na mtu imefungwa mpaka saa za kazi zipangwe." Barasa akafumba macho. "Na kwa kuwa ni kazi, zamu haiachwi bila mpokezi. Mzinga wa mpokezi wa kisima cha tatu umeachwa wazi. Mpokezi ni nani?"

Meneja Tumwesige akavua kofia tena, akaizungusha mkononi. "Mimi kipimo cha kuingia mzingani kilinikataa," akasema, na ilionekana ni kweli, na kwamba anatamani isingekuwa kweli. "Nani atakwenda?"

Mfaume akavua kandambili.

*

Alikuwa amelaza watu tangu aje, yeye mwenyewe hajawahi kuingia, ingawa kipimo alipimwa kama wote. Mfuniko ukiwa wazi unaona kama kitanda. Ukishalala chali ndiyo unaona ni kitu gani.

Mzinga wa jirani, Likandu. Taa ya bluu imezimika, Nesi keshaweka mkono kwenye waya, anasubiri. Kidole kinagonga.

"Nani atanilaza?" Mfaume akauliza.

Watu wakatazamana. Barasa akawapita.

"Toka hapo," akamwambia mtu aliyekuwa karibu na kitufe. Halafu akainama mzingani. Macho yake mekundu. "Umenifungia usingizi wangu, mshenzi wewe."

"Najua."

"Shingo. Geuza shingo."

Mkono wa Barasa mzito, lakini waya aliuweka taratibu, kama anamvisha mtoto shati. Kasuku kikasema kwenye spika ya dari, "Mfaume Ngaweje. Unalala au unalazwa?"

Mfaume akafikiria. Akaona hajui. Mkono ni wa Barasa, lakini miguu iliyomleta ni yake.

"Niko kazini," akasema.

"Yupo kazini," kikarudia Kasuku.

Mfuniko ukashuka.

Hakuota maji. Uongo ule, watu wote waliosema wameota maji. Alisikia kisima. Kilikuwa kirefu kuliko alivyodhani na kina pumzi, inapanda, inakwama, inashuka. Na mahali fulani karibu, mtu amekishika kwa mikono miwili, amechoka mpaka anatetemeka, na haachii.

Mdomo hakuwa nao. Akasema hivyo hivyo.

Nimepokea, shemeji. Nenda nyumbani. Dada anakutafuta mawodini.

Kidole kikagonga mara moja, kama hakijaamini. Nimepokea, akasema tena. Kidole kikatulia.

Uzito wote ukamwangukia yeye. Kwa mbali akasikia mtu anakohoa, Nesi anapiga kelele, watu wanashangilia, halafu sauti ya Likandu, kavu kama gunzi, inauliza suruali yake iko wapi. Halafu sauti zikaondoka. Kisima kikapanda, kikakwama. Mfaume akakishika.

Hajui alishika kwa muda gani. Alijaribu kukumbuka yuko maji ya nani, ya Shirikisho au ya Jimbo, na kule chini aliona maji hayana mwenyewe. Alichoka. Akataka kujua kama yupo atakayekuja, maana mizinga imefungwa, na aliyeifungisha ni yeye. Kidole chake kikaanza chenyewe, hakukituma.

Ko-ko. Ko.

Akasikiliza. Kisima kinapumua tu.

Ko-ko. Ko.

Halafu ikaja, karibu kabisa, kwenye ubavu wa mzinga, au chini kabisa kwenye mwamba, hakuweza kutofautisha kama ni Barasa au ni kisima.

Ko. Ko-ko.